Aliyekutaja Amesema Nini?



Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu ambacho sikukiona. Umenieleza kwamba indeksi yako ya h ni 5, kwamba mwenzako mliyeajiriwa pamoja ana 9, na kwamba kamati ya kupandisha vyeo inakaa kabla mwaka wa fedha haujaisha. Ukaniuliza, "Shangazi, niipandishe vipi?" Juu ya utafiti wenyewe hukuandika hata sentensi moja: umegundua nini, nani amekubishia, nani amebadilisha anachofanya kwa sababu yako. Ndiyo maana najibu kwa kirefu.

Sitakuambia uzidharau namba. Wengi wanaozidharau hadharani walishapata uprofesa wao siku nyingi. Cheo kina mshahara, mshahara una ada ya shule na kodi ya nyumba, na mtu mzima hajifanyi haoni hayo. Kamati itafungua ukurasa wako wa Google Scholar, mfadhili wa nje atafungua Scopus, na namba mbili hizo hazitalingana. Google Scholar huokota karibu kila kitu, tasnifu za wanafunzi na ripoti za miradi zikiwemo. Scopus huhesabu majarida iliyoyachagua yenyewe. Usishtuke ukiona moja inakupa 5 na nyingine 3. Lakini kabla hujaanza kuikimbilia namba, jua imetengenezwa vipi.

Chukua kalamu. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa sana mpaka isiyojulikana. Tuseme ya kwanza imerejelewa mara 40, ya pili 22, ya tatu 11, ya nne 7, ya tano 5, ya sita 5, ya saba 2, ya nane mara moja. Indeksi yako ni 5, kwa sababu unazo makala tano zilizofikisha angalau rejea tano kila moja, ila huna sita zilizofikisha sita. Sasa tazama kishawishi kilipokaa. Zile mbili zenye tano-tano zikipata rejea moja moja, tayari umekuwa 6. Rejea mbili tu, na unaweza kujipa mwenyewe usiku wa leo kwenye orodha ya marejeleo ya makala unayoiandika. Ile yenye 40 hata ikirejelewa mara nyingine elfu moja na kuokoa wilaya nzima, indeksi haitikisiki.

Aliyeibuni ni mwanafizikia, Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Alitaka kulinganisha wanafizikia wenzake kwa haraka. Miaka 15 baadaye, mwaka 2020, mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kupotosha vibaya. Hata alama ya uzito wa jarida, ile ambayo wenzako huitaja kama sifa ya ukoo, ilianza na Eugene Garfield kama njia ya kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yake ya rejea za sayansi, iliyotoka miaka ya 1960. Wakutubi wakaitumia kuamua wanunue lipi. Inahesabu wastani wa rejea ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimepata mwaka huu. Haikutengenezwa kumpima mtu. Sisi ndio tuliokichukua chombo cha maktaba tukakipeleka kwenye chumba cha usaili.

Kumbuka pia kwamba wanaoandika kuhusu kichocho ni wachache kuliko wanaoandika kuhusu VVU. Mtafiti hodari wa kichocho atakuwa na namba ndogo kuliko mtafiti wa kawaida wa VVU, kwa sababu tu wa kumtaja hawapo. Mwenzako mwenye 9 anafanya kazi gani? Hukuniambia.

Basi nakupa kazi ya Jumamosi moja. Fungua ile makala yako inayorejelewa zaidi, kisha fungua kila makala iliyokurejelea, moja baada ya nyingine, utafute mahali jina lako lilipo. Usihesabu. Soma sentensi. Utakuta rejea zako nyingi ziko kwenye aya ya kwanza kabisa: "Malaria bado ni tatizo kubwa la afya kusini mwa Jangwa la Sahara," halafu mabano yenye namba 1 mpaka 14, na wewe ndiye wa tisa. Aliyeandika hivyo hakukusoma. Alikukuta kwenye orodha ya mtu mwingine akakubeba. Ni sawa na jina lako kusomwa kwenye orodha ya waliochangia harusi: ukumbi unapiga makofi, hakuna anayejua ulitoa nini.

Baadaye utakutana na wachache wa aina nyingine. Mmoja alichukua dodoso lako akalitumia Kigoma. Mwingine alirudia hesabu zako akapata jibu jingine. Wa tatu ameandika aya nzima kueleza kwa nini hakubaliani nawe. Hao watatu waandikie. Wale wa mabano waache waende zao.

Mashine inayohesabu haisomi sentensi. Kwake "huyu alitufungulia njia" na "huyu alitudanganya" ni moja na moja. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari la Uingereza mwaka huohuo. Makala hiyo imerejelewa zaidi ya mara elfu moja, nyingi zikiwa za watu wanaoipinga. Ungeipima kwa namba peke yake ungesema mwandishi ni bingwa. Na hofu aliyoipanda haikubaki London. Wahudumu wa afya wa vijiji vyetu wameshakutana na mama anayeuliza juu ya chanjo kwa maneno yaliyotoka mbali mno kuliko anavyojua.

Ya karibu zaidi unaikumbuka mwenyewe, ulikuwa chuoni. Mei 22, 2020, Lancet hiyohiyo ilitoa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Korona, ikidai ina takwimu za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda sehemu ya majaribio yake. Data zilitoka kwa kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere, na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo maelfu kutoka Afrika, wenye rekodi za kielektroniki zilizokamilika. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali ya wilaya, akiona mafaili yamefungwa kwa kamba mpaka darini, angeuliza swali moja tu: rekodi hizo mlizipata wapi? Watafiti wengi, wakiwamo Waafrika, waliuliza hivyohivyo katika barua ya wazi. Juni 4, hata wiki mbili hazijatimia, makala ikafutwa. Nyingi zilizoirejelea baadaye ziliendelea kuitaja bila kusema kwamba imefutwa.

Ninakueleza haya kwa sababu ujuzi ulio nao wewe, wa kujua daftari la zahanati linaonekanaje, karani anajaza saa ngapi na kwa nini ukurasa wa Desemba huwa na mapengo, hauhesabiwi na indeksi yoyote, lakini ndio uliomshinda yule mwenye hospitali 671.

Sasa nikupe makala moja ninayotaka kila kijana anayefanya utafiti wa afya huku kwetu aisome, awe daktari au asiwe. Ilitoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Utafiti wenyewe unaitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyeko Kilifi. Watoto 3,141 walioletwa hospitali na homa kali huku mzunguko wa damu umedhoofu, katika hospitali sita: Kilifi kule Kenya, Teule ya Muheza kwetu Tanga, na nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Kila aliyesomea udaktari alifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo afunguliwe dripu mara moja, maji mengi kwa muda mfupi. Vitabu vilisema hivyo. Miongozo ilisema hivyo. Waliopinga walikuwa wachache.

Watafiti wa FEAST wakauliza kama inasaidia kweli mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi wala mashine ya kupumulia. Wakagawa watoto kwa bahati nasibu: wengine wapewe maji ya haraka ya albumini, wengine ya chumvi, wengine wasipewe hayo ya haraka bali huduma nyingine zote. Katika saa 48 za kwanza, makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka yalipoteza watoto asilimia 10.6 na 10.5. Kundi ambalo halikupewa lilipoteza asilimia 7.3. Maana yake, katika kila watoto mia moja waliopewa tiba iliyoaminiwa dunia nzima, watatu zaidi walikufa. Uandikishaji ulisimamishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia.

Jiweke mahali pa muuguzi wa Muheza aliyekuwa akifungua dripu hizo kwa miaka, akiamini anaokoa. Makala ya namna hii haifurahishi mtu.

Ikarejelewa sana, ndiyo. Soma lakini walivyoirejelea. Wapo waliosema watoto wale walikuwa na malaria, kwa hiyo si kipimo cha haki. Wapo waliosema upungufu wa damu ndio ulioharibu hesabu. Wapo waliosema maji yalizidi yakajaa kwenye mapafu. Watafiti walirudi kwenye data zao, kundi kwa kundi, wakaonyesha kwamba madhara yalikuwa kwa wenye malaria na wasio nayo, wenye damu pungufu na wenye ya kutosha; mwaka 2013 wakachapisha uchambuzi mwingine wa namna watoto walivyofariki, ulioonyesha kwamba wengi walizidiwa na moyo na mzunguko wa damu kuliko mapafu kujaa maji. Miongozo ya kimataifa ilichukua miaka kusogea. Kila mmoja wa waliobisha aliongeza moja kwenye hesabu ya makala. Na mimi nasema mabishano hayo yalikuwa heshima kubwa kuliko sifa, kwa sababu mtu habishani kwa miaka na kitu kisichomgusa.

Huku kwetu tuna jozi nyingine ya makala ambayo nimeifundishia mpaka wanafunzi wakanichoka. Mwaka 1995 Lancet ilitoa matokeo ya Mwanza: jamii 12 za vijijini, sita zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya kawaida, sita zikasubiri. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU katika zile zilizoboreshewa yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Dunia ikashangilia, na Mwanza ikatajwa kila mkutano. Mwaka 1999, katika jarida lilelile, yakaja matokeo ya Rakai, ng'ambo ya ziwa kule Uganda: watu wazima wa vijiji wakapewa antibiotiki majumbani kila baada ya miezi kumi, na maambukizi ya VVU hayakupungua kabisa.

Mtu mwenye haraka angesema mmoja kakosea. Waliokaa chini wakaona maswali mawili hayakuwa mamoja. Mwanza waliwatibu wenye dalili siku wanapougua, mfululizo. Rakai walitibu wote kwa mkupuo, kisha wakaondoka hadi duru nyingine. Na Rakai janga lilikuwa limekomaa, limeshasambaa kwa watu wengi, wakati Mwanza lilikuwa bado linapanda. Bila Rakai, tungeibeba Mwanza kila mahali kama dawa ya wote. Wale wa Rakai walipata jibu la "hapana", wakalichapisha bila kulipamba. Wewe ukipata "hapana", usilifungie kabatini kwa kuogopa kwamba halitarejelewa. Najua unalo moja. Baba yako aliniambia kwa simu, na si siri tena.

Halafu kuna makala zinazongoja. Mwaka 1952 na 1953 uliibuka ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo kwenye Uwanda wa Makonde, Newala. Mwaka 1955 Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe akaandika jinsi ulivyosambaa, wote katika jarida la chama cha tiba za kitropiki cha Uingereza. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza kirusi chenyewe. Ndiyo chikungunya. Ulikuwa ugonjwa wa watu wa mbali, na kwa miongo mingi ni wachache waliokuwa na haja ya kuzisoma makala hizo. Kisha mwaka 2004 ukatokea Lamu na Mombasa, 2005 Komoro, na kufikia 2006 kisiwa cha Réunion kilikuwa kimeuguza karibu theluthi ya watu wake. Leo ni vigumu kukuta makala ya maana kuhusu chikungunya isiyoanzia Newala. Nenda kazisome. Utashangaa jinsi walivyoandika kwa uangalifu: nani aliugua, nyumba kwa nyumba, maji yalihifadhiwa wapi, mbu gani walikutwa. Hawakuwa na indeksi ya kuikimbilia. Waliandika ili atakayekuja baada yao asianze upya.

Kamati yako haitasubiri miaka 50, najua. Kwa hiyo tuje kwenye yale unayoweza kuyafanya sasa bila kujidhalilisha.

La kwanza ni jina lako, na hili watu wetu hulipuuza. Nimeona rasimu uliyoambatisha. Kwenye makala ya kwanza ulijiandika kwa majina mawili, ya pili kwa matatu, kwenye hii umetanguliza jina la babu. Mashine itakuona watu watatu. Huku kwetu ambako jina la mtoto ni jina la baba na babu, akina Juma Hassan wako wengi kwenye kila kitivo, na Mohamed mmoja anaandikwa kwa namna nne. Wanawake wengine hubadilisha jina la mwisho baada ya ndoa na nusu ya kazi zao inabaki kwa msichana asiyekuwapo. Chagua umbo moja la jina, uliandike hivyohivyo mpaka ustaafu. Jisajili ORCID, ni bure, ilianza 2012, inakupa namba isiyogongana na ya mtu. Nusu saa ya kazi hiyo inaweza kukurudishia rejea ambazo tayari ni zako.

La pili ni orodha ya waandishi kwenye rasimu hiyohiyo. Nimehesabu majina nikafika mahali nikauliza huyu alifanya nini. Mkuu wa kitengo aliyesaini fomu ya gari si mwandishi. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba ziko wazi: awe amechangia fikra au data kwa uzito, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuiwajibikia. Kusaini fomu hakumo. Kwa upande mwingine, yule kijana aliyesimamia wadodosaji, aliyegundua kwamba swali la kumi na moja kina mama wanalielewa kinyume akalisahihisha, yuko wapi? Umemweka kwenye shukrani, mstari wa mwisho, baada ya dereva. Mpe nafasi aandike sehemu ya mbinu, kisha jina lake lipande kwa haki.

Unamkumbuka Erasto Mpemba? Akiwa mwanafunzi wa sekondari alisema maziwa ya moto ya aiskrimu yameganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alikwenda kupima badala ya kucheka. Makala yao ikatoka 1969 katika Physics Education, na jina la Mpemba ndilo la kwanza. Mhadhiri angeweza kuandika peke yake na kumtaja kijana kwenye shukrani, nani angemkatalia?

Kuna pia ile njia ya kuingia kwenye makala za mamia ya waandishi. Ule mradi wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, unaoendeshwa kutoka Seattle, ulipotoa matokeo yake makubwa Desemba 2012 ulikuwa na waandishi karibu 500. Makala za namna hiyo hurejelewa maelfu ya mara, na anayekuwa mle ndani hupanda ghafla. Sisemi ukatae ukialikwa. Wapo Waafrika waliosahihisha humo makadirio ya nchi zao ambayo yalikuwa yameandikwa na mtu asiyewahi kufika, na hiyo ni kazi. Ila ukisimama mbele ya kamati, eleza mchango wako ulikuwa upi, na usiwaache wadhani namba yote ni jasho lako.

Majarida ya kitapeli nitayataja kwa ufupi kwa sababu unayajua; sanduku lako la barua pepe limejaa. "Mheshimiwa Profesa Mashuhuri," wanakuita, na wewe ni mhadhiri msaidizi. Makala itapitiwa kwa saa 72, ada ilipwe kabla. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi, akaipa waandishi wa kubuni wenye majina na vyuo vya Kiafrika visivyokuwapo, akaituma kwa majarida 304. Zaidi ya nusu, 157, yaliikubali. Fikiri kwa nini alichagua Afrika kuwa anwani ya uongo huo, kisha uamue kama unataka jina lako la kweli likae kwenye majarida hayohayo. Kama shida ni ada, majarida mengi ya heshima husamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi kama yetu. Omba siku unapotuma, usisubiri ankara. Na usiyaonee haya majarida ya nyumbani. East African Medical Journal ilianza 1923. Msomaji wake ni mganga wa Singida.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Unajua ni utafiti gani uliobadilisha dawa ya malaria nyumbani kwako? Si makala moja yenye kishindo. Ni vituo vya kupima dawa, mwaka hadi mwaka, vilivyounganishwa miaka ya 1990 katika mtandao wa Afrika Mashariki uitwao EANMAT, watu wakimfuata mtoto aliyepewa klorokwini mpaka nyumbani kuona kama vimelea vimerudi. Majedwali yao yalichosha kusoma. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini ikaingia dawa ya SP (sulfadoksini-pirimethamini), na baadaye dawa mseto. Waliofanya kazi ile hawatajwi kwenye hotuba, lakini wizara ilikuwa na namba mezani ilipohitaji kuamua.

Au tazama Rufiji na Morogoro Vijijini, mradi wa TEHIP uliofanywa na Wizara ya Afya na IDRC ya Kanada kuanzia miaka ya 1990. Walichukua takwimu za vifo kutoka kaya, wakazigeuza kuwa michoro ya kawaida ambayo timu ya afya ya wilaya iliweza kuisoma: huu ndio mzigo wa malaria, hii ndiyo pesa mnayoitengea. Pengo likaonekana kwa macho. Timu zikapanga upya bajeti, kwa nyongeza ndogo tu ya fedha, na vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Siwezi kusema michoro ile ndiyo iliyofanya yote. Vyandarua na mambo mengine yalikuwapo. Lakini walioutumia mchoro ule walikuwa watu wa timu ya wilaya, nao hawaandiki makala za kuutaja.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya na rasimu yako. Ule mstari wa "utafiti zaidi unahitajika" uufute, uandike nani afanye nini tofauti Jumatatu asubuhi: mganga mfawidhi wa zahanati, mfamasia wa wilaya, au wizara. Kama huwezi kumtaja yeyote, bado hujamaliza kuchambua. Makala zako za zamani zirejelee pale tu ambapo msomaji atakwama bila hizo. Hapa umezirejelea saba, na nne hazina kazi. Weka dodoso lako lote la Kiswahili kama kiambatisho, si tafsiri yake peke yake, kwa sababu hilo ndilo wenzako wa Tabora na Bukavu watakalolichukua, na atakayelichukua atakutaja kwa haki. Omba mapema kibali cha kuchapisha kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, siyo wiki ambayo mhariri ameshakukubalia.

Na kabla jarida halijajibu, rudi wilayani ulikochukua data. Andika kurasa mbili za Kiswahili, jedwali moja, mchoro mmoja, bila neno ambalo mwenyekiti wa kitongoji atalazimika kuuliza. Piga nakala za kutosha kila mjumbe, usitegemee projekta, maana umeme wa pale unaujua kuliko mimi. Usiongee zaidi ya dakika 15. Mganga mkuu atakushukuru kwa adabu. Usidhani mambo yameisha. Msubiri katibu wa afya, yule anayeshika bajeti, aulize ni shilingi ngapi kwa mtoto mmoja, na uwe na jibu.